Nyonga za Meneja

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani, sokoni, hata kwa mwenye duka la vifungo, yeye alikuwa Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumshuka shingoni tangu asubuhi anapofungua dirisha hadi jioni anapofunika cherehani. Kuna siku alikwenda nayo kwenye ibada. Alisali, akaimba, akatoa sadaka, akanyanyuka uso unang'aa, na ndipo pale mlangoni wifi yake akamnong'oneza, "Wifi yangu, leo umekuja kumpima nani humu ndani?" Alicheka mpaka akajishika mbavu, lakini futi hakuivua. Aliizungusha mara moja akaificha chini ya mtandio, basi.

Kazi yake ilikuwa sketi. Magauni alishona, mashati alishona akiombwa sana, lakini sketi ndizo zilizomletea watu. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo cha kumwonyesha mtu mzima mzima, na pasi ambayo waya wake ulikuwa umefungwa utepe mweusi mara nne. Mteja akiingia, hata kabla hajamaliza kubisha hodi, Mama Futi alikuwa ameshamtazama nyonga. Kwake mwili wa mtu ulisomwa hapo. "Kifua unaweza kukivuta pumzi ukanidanganya," alikuwa akiwaambia, "na kiuno unaweza kukibana. Nyonga utazificha wapi?" Na kweli, alikuwa anaweza kumwambia mwanamke kwamba tangu alipompima mara ya mwisho amepungua inchi moja na robo, na mwanamke akatoa macho akakiri kwamba ndiyo, siku hizi ana mawazo.

Juu ya ile meza ya kukatia palikuwa na msimamizi. Alikuwa paka dume wa kijivu mwenye kifua cheupe, utadhani amevaa shati la kazini. Mteja akijaribisha nguo, paka alikaa wima, mkia ameuzungushia miguu, akamkagua kutoka juu hadi chini bila haya. Wateja wenyewe ndio waliompa jina la Meneja. Mume wa Mama Futi, dereva wa lori ambaye wiki tatu katika nne alikuwa njiani, kila akipiga simu alianza hivi: "Meneja hajambo?"

"Na mimi sijambo, ahsante kwa kuniulizia," mkewe alijibu.

"Wewe najua hujambo, nimeshasikia sauti."

Basi, Jumapili moja Meneja alirudi nyumbani anachechemea. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na vita juu ya mabati ambavyo mtaa mzima ulivisikia. Upande wa kulia wa nyonga, karibu na shina la mkia, palikuwa pamevimba, pana moto kama pasi, na ukipagusa anageuka na meno. Jumatatu asubuhi Mama Futi alimtia kwenye kikapu chenye mfuniko, akamfungia kwa kamba, na safari ya kwa daktari wa mifugo ikaanza, yeye mbele na wifi yake nyuma. Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa mpishi wa shule, na wiki hizo shule ilikuwa imefungwa. Mikono ilikuwa haina kazi na mdomo ulikuwa na kazi nyingi.

Daktari alikuwa mama kijana, mfupi, maneno yake ya haraka. Alimpima Meneja kwenye mzani: kilo nne na robo. Alimbinya huku na huku, akakwepa meno, akasema, "Ameng'atwa na mwenzake. Jino limeingia ndani, ngozi ikafunga juu, uchafu ukabaki chini. Usaha bado haujakusanyika, kwa hiyo leo sipasui. Nampa antibayotiki tuone kama uvimbe utashuka. Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, siku kumi."

"Siku kumi," Mama Futi aliitikia.

"Ale kwanza, ndipo mumpe dawa. Kidonge kikishapita, mfuatishieni maji kidogo kwa hili bomba la sindano, kisije kikakwama kooni kikamchoma. Maziwa msimpe. Sasa sikilizeni vizuri. Dawa hii inaponya, lakini ina vituko vyake. Inaweza kumharibu tumbo akaharisha, akatapika kidogo, akasusa chakula. Hayo mkiyaona, nipigieni simu, tutasaidiana. Uso ukivimba, akihema kwa shida, au mkiona damu, hapo msipige simu, njooni mbio. Na akikaa siku nzima bila kutia kitu mdomoni, pia mniletee. Ila msije mkaacha dawa kwa akili zenu. Ukiikatiza katikati, ule uchafu unarudi na hasira zake zote."

"Hatuachi," alisema Mama Futi, kama mtu anayeweka nadhiri.

Walipofika nyumbani, kabla ya jambo lolote, alifanya alichokuwa akimfanyia kila mtu aliyewahi kuingia chumba kile. Alimsimamisha mgonjwa juu ya meza, wifi akamshika mabega, akavua futi shingoni akampima. Alifungua daftari la oda, akaandika kwenye mstari wa jina la mteja: *Meneja*. Kifua, kumi na tatu na nusu. Kiuno, kumi na tatu. Nyonga, kumi na sita na nusu.

"Unamshonea sketi?" aliuliza wifi.

"Nataka nijue anavyoendelea. Mzani sina. Futi ninayo."

Dawa ya kwanza iliwatoa jasho. Walimvingirisha ndani ya kipande cha kitambaa cha khaki kilichobaki kwenye sare za shule, kichwa peke yake kikabaki nje, kimenuna. Kidonge kiliingia. Kidonge kikatoka. Kikaingia tena. Kisha, Mungu wangu, povu! Povu jeupe likaanza kumtoka Meneja pembe zote mbili za mdomo, likamwagika kwenye lile shati lake jeupe, naye anatikisa kichwa linaruka mpaka kwenye kioo.

"Amekufa!" alipiga kelele wifi. "Tumemuua! Piga simu, wifi, piga!"

Simu ilipigwa. Daktari alicheka kwa upole. "Ni uchungu wa kidonge tu, mama. Paka akionja kitu kichungu anatoa povu. Mara nyingine kipakeni siagi kidogo, kipitishe nyuma kabisa ya ulimi, kisha maji."

Siagi ilisaidia. Lakini vituko vingine daktari alikuwa amevisema, na vilikuja kimoja kimoja kama wageni walioalikwa. Jumanne asubuhi Meneja alikuwa hana hamu ya kula, wakampa dawa tumbo likiwa tupu, na baada ya robo saa akaitapika, maji ya njano na vipande vya kidonge. Hilo likawa somo: kwanza chakula, hata kama ni vijiko viwili, ndipo dawa. Jumatano tumbo lilifunguka. Alipanda mezani kwa shida, akatazama kushoto, akatazama kulia, na kabla hawajamwahi akaharisha juu ya karatasi ya kukatia sketi ya mwalimu mkuu.

"Hapo amesema alivyoiona hiyo sketi," alisema wifi.

"Wewe cheka tu. Nichoree nyingine basi!"

Daktari aliambiwa. Akawaagiza wafike wachukue unga wa tumbo, vipakiti vidogo vya kuchanganya na chakula, akawaonya kwamba unga na kidonge visikutane, vipishane saa mbili. Chakula akasema kiwe laini na kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na kiwe na uvuguvugu ili harufu imfikie. Hapo ndipo kazi ya wifi ilipoanza. Mwanamke aliyezoea kupikia watoto mia nne sasa alikuwa anachemsha kipaja kimoja cha kuku bila chumvi, bila kitunguu, bila chochote, anakichambua nyuzi nyuzi, anakipuliza, anakigusisha kwenye mdomo wake kuona joto, kisha anapiga magoti chini ya cherehani. "Njoo, baba. Njoo, bosi wangu. Onja tu. Watoto wangu wote wanasifia mkono wangu, wewe nani unakataa?" Meneja alinusa. Alilamba. Mara nyingine alikula vijiko vitatu, mara nyingine kimoja, na kila kijiko kilitangazwa kwa sauti mpaka mwenye duka la nafaka ukuta wa pili akawa anauliza kupitia dirishani, "Cha ngapi hicho?"

Kila asubuhi Mama Futi alivua futi. Jumanne nyonga ilikuwa kumi na sita. Jumatano, kumi na tano na nusu. Alhamisi, kumi na tano. Siku hiyo alimpigia daktari mara nne kwa mambo madogo madogo, kama paka anaruhusiwa kulala juani, kama maji ya kunywa yachemshwe, na mara ya nne alisikia nyuma ya simu mbuzi analia na mtu anaita, akaona haya. Jambo lenyewe lililomsumbua hakulitaja. Ijumaa, kumi na nne na nusu.

Yeye alikuwa amepima nyonga za watu kwa miaka ishirini na saba. Alijua mtu anayepungua nusu inchi kila siku anaelekea wapi. Aliwahi kumpunguzia sketi mwanamke mmoja mara tatu katika miezi miwili, na ya nne hakuja kuichukua. Sasa kila alipoyatazama yale makalio ya kijivu yanakwenda polepole kwenye sahani ya maji, aliona kitu kimoja tu: ile dawa inamla. Kila asubuhi na kila jioni ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, anayeitia nyuma ya ulimi. Kama kiumbe huyu wa Mungu atakufa, atakuwa amekufa kwa mkono wake. Na akiiacha dawa, daktari ameshasema. Alisali juu ya jambo hilo huku anakanyaga cherehani, na mshono ukaenda upogo.

Jumamosi asubuhi alipima peke yake. Kumi na nne kamili. Alirudia. Kumi na nne. Aliandika namba, akachukua pakiti ya vidonge akaificha ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, chini ya vile vya koti.

Saa moja baadaye wifi aliingia na kibakuli. "Vijiko vinne!" alitangaza. "Vinne, wifi! Na cha tano alikitazama kwa nia nzuri. Lete kidonge."

"Leo hanywi."

"Hanywi vipi?"

"Hanywi. Inatosha. Tutamwua, wifi. Mimi siwezi."

Wifi aliweka kibakuli chini taratibu. "Ulimwambia daktari nini? Si ulisema hatuachi? Mimi nilikuwa nimesimama pale, nilikusikia kwa masikio yangu haya."

"Daktari hajaona ninachokiona." Mama Futi alifungua daftari akaligeuza. "Soma. Kumi na sita na nusu. Kumi na sita. Kumi na tano na nusu. Leo kumi na nne. Inchi mbili na nusu kwa siku tano! Mtu mzima akipungua hivyo ndugu wanaitwa."

Wifi hakuwa fundi. Kifungo kikimtoka alikuwa anakuja kwa wifi yake na nguo mkononi. Aliinama juu ya daftari, akafuatisha ile mistari kwa kidole kinachonukia kuku, na akauliza kama anayeuliza bei ya kitu asichokijua.

"Na hizi namba nyingine za nini?"

"Zipi?"

"Hizi za juu yake. Kumi na tatu na nusu, kumi na tatu na nusu, kumi na tatu na nusu. Kila siku umeandika hiyo hiyo. Ni za nini?"

"Hiyo ni kifua," alisema Mama Futi.

Alisema, kisha akasikia alichokisema. Alilivuta daftari. Kifua cha Jumatatu, kumi na tatu na nusu. Kifua cha Jumatano, kumi na tatu na nusu. Cha leo, alichokipima mwenyewe saa moja iliyopita bila hata kukitazama, kumi na tatu na nusu. Kiuno nacho kilikuwa kumi na tatu tangu siku ya kwanza, Alhamisi tu kilipungua robo na Ijumaa kikarudi. Siku sita alikuwa anaandika mistari mitatu na kusoma mmoja.

"Wifi," alisema polepole, "mtu akikonda, kifua kinatangulia."

"Mimi sijui, wewe ndiye fundi."

"Kinatangulia! Siku zote kinatangulia! Kila mgonjwa niliyempunguzia nguo nilianzia mabegani! Hajakonda huyu. Hajakonda! Pale nilipopima ndipo…" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Pale ndipo palipovimba! Nimepima uvimbe! Siku zote hizi napima uvimbe!"

"Subiri kwanza. Unaoshuka ni uvimbe?"

"Uvimbe!"

"Kwa hiyo dawa…"

"Inafanya kazi! Inafanya kazi, wifi, na mimi nimeificha kwenye vifungo!"

Walitazamana, kisha wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja. Mama Futi alikuwa ameshalimwaga kopo la vifungo mezani, vinadunda sakafuni vinatawanyika hadi chini ya pasi, lakini wifi alimshika mkono. "Taratibu. Dakika kumi zilizopita ulikuwa na hakika anakufa, sasa una hakika amepona. Mimi nataka mzani."

Mzani ulikuwa ukuta wa pili. Mwenye duka la nafaka alikuwa anapanga magunia ya maharage alipowaona wanaingia mbio mbio, kikapu katikati yao, na ndani ya kikapu mtu analalamika kwa sauti nene.

"Mama Futi, leo unaniletea nafaka gani yenye masharubu?"

"Baba yangu, tupimie haraka, tafadhali."

"Nimpime kwa rejareja au kwa jumla?"

"Pima, mzee, tutacheka baadaye!"

Alikipima kikapu kitupu kwanza, Meneja akiwa kifuani kwa wifi ameng'ang'ania kwa kucha: nusu kilo kamili. Kisha kikapu na mwenyewe ndani yake. Mshale ulipanda, ukayumba kwa sababu mgonjwa alikuwa anageuka geuka, wote watatu wakainama wamezuia pumzi, na mteja mmoja aliyekuja kununua mchele naye akainama bila kujua kwa nini. Mshale ulitulia.

"Kilo nne na gramu mia saba," alisema mwenye duka. "Ukitoa kikapu, nne na mia mbili."

"Daktari alipata nne na robo," alisema wifi. "Kwa hiyo amepungua…"

"Gramu hamsini. Hiyo hata mimi nikinyolewa ndevu inapungua."

Mama Futi aliinua mikono juu pale pale katikati ya magunia. "Ahsante, Mungu wangu! Ahsante!" Mteja wa mchele akaitikia "Amina" kwa adabu.

Daktari alipigiwa humo humo dukani, simu imewekwa sauti ya juu ili kila mtu asikie. Mama Futi alimweleza yote kwa pumzi moja, nyonga, kifua, kikapu, vifungo.

"Mama," alisema daktari, "hebu niambie jambo moja. Ule uvimbe wenyewe umeushika? Kwa mkono?"

Hakuwa ameushika. Tangu Jumatatu, kwa kuogopa kumuumiza, alikuwa akipitisha futi tu, juu juu, kama anampima bibi harusi. Sasa aliingiza mkono kikapuni. Akasogeza vidole nyuma ya mgongo, akateremka taratibu kwenye upande wa kulia, akawa ameshajiandaa kung'atwa. Palikuwa pamepoa. Palikuwa laini, ngozi inateleza juu ya mfupa kama upande wa pili. Meneja aligeuza kichwa, akamtazama, akafumba macho.

"Hamna kitu," alisema. "Daktari, hamna kitu! Hapana moto!"

"Basi dawa yako imefanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Leo amekunywa?"

Mama Futi alitazama chini. "Bado. Nilikuwa nimeiacha."

"Mmechelewa kwa muda gani?"

"Kama saa mbili."

"Hiyo si mbaya. Mpeni sasa hivi, amekula? Vizuri. Ya jioni icheleweshеni kidogo. Msimpe mbili kwa pamoja eti mnafidia. Na siku zilizobaki zote amalize, hata mkiona anaruka ukuta. Tumbo?"

"Bado laini, ila si maji kama Jumatano," alisema wifi akipokonya simu. "Na anakula, daktari! Vijiko vinne!"

"Vijiko vinne! Endeleeni na unga. Na wewe, mama fundi, sikukukasirikia. Lakini siku nyingine ukiona kitu kinakutisha, niulize hicho hicho. Usiniulize habari za jua."

Mama Futi alicheka mpaka machozi. Walirudi nyumbani, wakamkagua Meneja kwa macho, wakamvingirisha kwenye khaki, siagi, kidonge, nyuma ya ulimi, maji kwa bomba. Kikapita. Wifi alisimama na saa mkononi kungoja kama atatapika. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Meneja alijilamba kifua, akajilamba mguu, akajinyoosha akalala.

Siku mbili baadaye, Jumatatu, Mama Futi alikuwa anamzungushia mteja sketi kiunoni, pini sita mdomoni, aliposikia mayowe kutoka uani.

"Wifi! Wifi wee! Njoo! Acha kila kitu njoo!"

Alitoka mbio na pini zake mdomoni. Wifi alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la mchanga alimojisaidia Meneja, mikono mashavuni, kama mtu anayetazama mtoto mchanga.

"Kimeshikana," alisema.

Kilikuwa kimeshikana kweli. Cha kawaida kabisa, cha paka mwenye afya, hakina maji, hakina utelezi. Mama Futi alitema pini kiganjani. Walikumbatiana pale pale wakaruka, wanawake wazima wawili, na mteja naye alikuwa amefika mlangoni ameshika sketi isiyo na pindo, anauliza kuna nini, anaonyeshwa, anarudi nyuma.

Simu ya mumewe ilipigwa bila kusubiri. Alikuwa amesimama mahali na madereva wenzake kunywa chai.

"Mume wangu, kimeshikana! Choo cha Meneja kimeshikana!"

Kule njiani mwanamume alipiga kelele ya furaha ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi. Kisha akateremsha sauti. "Hapa wenzangu wananiuliza kama nimepata mtoto. Niwaambie nini?"

"Waambie umepata choo!" alidakia wifi, na simu ikakatika kwa vicheko.

Siku zilizobaki zikaenda kwa kuhesabu. Jumatano asubuhi Meneja alifika vijiko tisa, na cha kumi alikiparamia kabla hakijafika sahanini. Futi ilipita kwa mara ya mwisho: kumi na nne, kama jana, kama juzi, nyonga zake za halali. Jioni yake Mama Futi aliangusha kidonge cha mwisho kiganjani, nusu ile ya mwisho kabisa, akaitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyemchosha lakini amemsaidia. Aliipaka siagi. Wifi hakuhitaji hata khaki. Meneja alikaa wima, akafunguliwa mdomo, akameza, akapewa maji, akajipangusa kwa mguu.

Kesho yake, kwa mazoea ya siku kumi, saa ile ile ya dawa Mama Futi alikuwa amesimama katikati ya chumba, siagi mkono mmoja, bomba la maji mkono mwingine, na Meneja anamzunguka miguuni analia kwa nguvu, mkia juu. Alichanganyikiwa. Akampigia daktari.

"Daktari, dawa imeisha. Hajambo, hachechemei, hana moto. Lakini analia hapa ananidai. Sasa nimpe nini?"

"Chakula, mama," alisema daktari. "Huyo ana njaa. Mpe chakula."

Na wifi, aliyekuwa amesikia kutoka jikoni, alikuwa tayari anakuja na sahani nzima.